Kidonda kilijuaje kusimama? Stori ya seli zinavyoelewana, na siku zinakosana

Wiki chache zimepita nilikuwa namtoa ngege magamba nyumbani, ngege mwenyewe mkubwa nimemnunua Dunga, hapa Kisumu, asubuhi, kisu kikateleza kikanipasua kidole gumba mpaka nikaona weupe ndani. Nikaosha, nikafunga na kitambaa, nikaendelea kupika juu wageni walikuwa wameshafika Kondele na huwezi ambia wageni wageuze ati umejikata. Siku kumi na mbili baadaye kidole kilikuwa kizima, imebaki tu kamstari kembamba ka rangi tofauti.

Sasa watu wakiona kidonda kimefunga wanasema mwili ni wa ajabu, umejiponya. Sawa. Lakini mimi kilichonikaa kichwani si vile kilifunga, ni vile kilisimama. Seli za ngozi pale ukingoni zilipata habari kuna shimo, zikaanza kugawanyika, moja mbili, mbili nne, zikitambaa kuelekea katikati kutoka kila upande, zikakutana, na zilipogusana zikaacha. Hakuna refa aliyepuliza filimbi. Kama zingeendelea na ule mwendo wiki zingine chache, leo ningekuwa na kitu kama kiazi kitamu kinaning'inia hapo mkononi.

Kuanza ni rahisi. Kuacha ndiyo kazi, na ukitaka kuelewa kansa nadhani hapo ndipo pa kuanzia.

Hii kitu nimeiandika juu ya mama mmoja anauza omena karibu na stage yetu. Anajua nafanya kazi ya maabara, kwa hiyo kwake mimi ni daktari na nimechoka kumrekebisha. Juzi akaniuliza, "Kijana yangu, si wewe unafanyanga kazi ya kupima watu damu. Hebu niambie hii kansa huwa inaingilia wapi. Ni kwa chakula, ni kwa hewa, ama kuna mtu anakutupia?" Nikamjibu bila kufikiria, "Mama, hakuna mahali inaingilia. Ni seli zako mwenyewe." Akaniangalia vile unaangalia mtu amekurudishia noti feki. Akafunga omena yangu kwa gazeti na hakuniongeza hata kile kiganja cha juu huwa ananiongeza. Basi jibu refu ndio hili.

Mwili wa mtu mzima una seli kama trilioni 37, hayo ni makadirio ya mwaka 2013, wengine wakihesabu wanapata chini kidogo, lakini tusipigane juu ya trilioni chache. Zaidi ya robo tatu ya hizo ni seli nyekundu za damu. Na zote, za ubongo, za ini, za ukucha wa kidole kidogo cha mguu, zilitoka kwa seli moja, lile yai lililokutana na mbegu kule mwanzo kabisa.

Watu wengi wakieleza hii mambo wanasema mwili ni kama chama, kila mtu analeta mchango, zamu yako ikifika unachukua. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo mpaka nikaona inavuja. Kwa chama unatoa mia tano yako kwa roho safi juu unajua kuna Jumapili moja itakuwa ni wewe. Seli nyingi za mwili zamu yao haifikangi. Seli ya ini haitawahi kuwa mtoto wako, ya moyo pia hapana, ni yale mayai na mbegu za uzazi tu ndizo zinapata nafasi ya kuvuka kwenda kizazi kingine, hizo zingine trilioni zote zinachapa kazi na kuzikwa pamoja na wewe. Sasa mbona zinakubali?

Zinakubali juu zina jeni zile zile, yale maagizo ya mwili yaliyoandikwa kwa herufi ndani ya seli. Yai likivuka limevuka na jeni za ini pia, za moyo pia. Ndugu wa baba na mama mmoja wanashiriki kama nusu ya jeni na bado tunawaona kortini wakigombania shamba la mzee, lakini seli zako zinashiriki karibu kila herufi, hakuna boma yenye undugu wa karibu hivyo. Ndio maana utaona vitu ambavyo kwa binadamu tungeviita wazimu. Chukua seli nyekundu ya damu. Ikikaribia kukomaa ndani ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, inatupa kiini chake nje, kiini chote, na DNA yote iliyo ndani, ule uzi wenye jeni, ndio ipate nafasi ya kubeba hemoglobini nyingi, ile protini inayoshika oksijeni. Ikishafanya hivyo haiwezi kugawanyika tena na haiwezi hata kujikarabati. Inazunguka siku kama 120 ikisambazia wengine oksijeni na yenyewe haitumii hata tone, halafu ikichakaa inavunjwavunjwa kwenye wengu na ini. Mwili unatoa zingine kama milioni mbili kila sekunde. Kwa muda umesoma hii paragrafu, hesabu mwenyewe.

Kuishi pamoja hivi si kitu cha ajabu sana kuanza, by the way, kuna watu walikianzisha kwa chupa. Mwaka 2012 kikundi kimoja cha watafiti Marekani, William Ratcliff na wenzake, walichukua hamira, ile ile familia ya hamira ya mandazi, ambayo kila seli huishi kivyake. Kila siku wanatikisa chupa, wanaacha itulie kidogo, wanachukua zile zimezama haraka chini ndizo zinaendelea kesho. Ni hivyo tu. Baada ya siku 60 chupa zilikuwa zimejaa vishada, seli iliyozaliwa haimwachi mamake, zimeshikana matawi matawi kama chembe ya theluji. Na kitu kilichonishangaza zaidi, ndani ya vile vishada kuna seli zilikuwa zinakufa zenyewe pale kwenye maungio, na tawi linakatikia hapo linaenda kuanza kishada kingine. Siku 60 tu na tayari kuna mtu anakufa ili wengine waendelee.

Lakini kuna njia nyingine ya kuungana ambayo inaonyesha tatizo lilipo. Kuna kiumbe kadogo ka udongoni kanaitwa Dictyostelium, kila seli inajitafutia bakteria zake, haisumbuani na mtu. Chakula kikiisha zinaitana, maelfu na maelfu, zinakusanyika zinakuwa kitu kama konokono bila nyumba, kinatambaa, halafu kinasimama kinakuwa kama uyoga mdogo. Kama moja kati ya tano wanakufa kuwa shina, wengine wanapanda juu kuwa mbegu wapate kubebwa kwenda kwingine. Sasa kwa sababu hapa waliokusanyika ni yeyote aliyekuwa karibu, ndugu na wageni, kuna wajanja. Kuna ukoo ukichanganywa na wengine hauendangi kwa shina, kila mara utaupata kule juu kwa mbegu. Wamekula mchango wa wenyewe.

Mwili wako unakwepa hiyo shida kwa kuanza na seli moja, hakuna mgeni kwa mlango. Shida ni kwamba wageni wanazaliwa humo humo ndani. Kila seli ikigawanyika inanakili herufi kama bilioni 6 za DNA, na hata karani awe makini namna gani, atakosea mahali. Makosa mengi hayana maneno. Mengine yanarekebishwa hapo hapo. Lakini sigara inaongeza makosa, jua linaongeza, sumu ya aflatoksini ya ule mahindi umewekwa ukiwa na unyevu inaongeza kwa ini, na miaka yenyewe inaongeza, kwa hiyo mzee wa miaka 70 si ule mwili wa seli zinazofanana kabisa aliozaliwa nao.

Na ndio maana kufa ni sehemu ya makubaliano. Ukiwa tumboni mwa mamako mikono yako ilianza kama kijiko cha kupakua ugali, bapa hivi, vidole vimeshikana, halafu seli za katikati zikaambiwa zife zikafa na vidole vikaachana. Hiyo aina ya kufa ina jina, apoptosisi. Watafiti watatu, Kerr, Wyllie na Currie, waliipa hilo jina mwaka 1972, neno la Kigiriki la majani yanapodondoka mtini. Seli haipasuki ikachafua jirani, hapana, inajikunja, inajikatakata vipande vidogo imejifunga, majirani wanavila, na kwisha. Kuna kijidudu kirefu kama milimita moja, C. elegans, ambacho wanasayansi walikaa wakahesabu kila seli tangu yai: zinatengenezwa 1,090, zinakufa 131, zinabaki 959, na ukirudia na kijidudu kingine unapata hesabu ile ile, hata zitakazokufa zinajulikana ni zipi. Hiyo kazi ilipewa tuzo ya Nobeli mwaka 2002, na ukijaribu kukaa mbele ya hadubini saa mbili tu utakubali walistahili.

Anayesukuma sana hiyo amri ya kufa ni protini inaitwa p53. Inakaa ndani ya seli ikiangalia DNA. Ikiona imeharibika inasimamisha kugawanyika kwanza, fundi aje, na ikiwa haitengenezeki inaiambia seli ijiue. Karibu nusu ya kansa za binadamu ukizipima unakuta p53 yenyewe ndio imeharibika, ni kama wezi wanaanza na kumfunga mlinzi. Sasa sikia hii. Tembo ana seli nyingi kutushinda mara nyingi sana na anaishi miaka mingi, kwa hesabu ya kawaida angekuwa anakufa na kansa kila siku, lakini hapana, kansa kwake ni haba kuliko kwetu. Mwaka 2015 ikajulikana ana nakala kama 20 za jeni la p53. Sisi tuna moja tu kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Na kuna wale fuko wasio na manyoya wanaoishi chini ya ardhi kwenye sehemu kavu za Kenya na majirani zetu wa Somalia na Ethiopia, sura yao Mungu anisamehe, lakini wanaishi zaidi ya miaka 30 wakati panya wa kawaida ukimlea vizuri hafiki mitano, na kansa kwao imeonekana visa vya kuhesabika. Seli zao ukizikuza kwa sahani zinaacha kugawanyika mapema, hata kabla hazijabanana. Zinajua kusimama kutushinda.

Basi kansa ni nini? Ni ukoo wa seli zako ambao umeacha kusikia, na haufanyi hivyo siku moja. Seli moja inapata kosa inagawanyika haraka kidogo kuliko majirani, haijakuwa kansa bado, ni kiherehere tu. Watoto wake wanakuwa wengi, na mmoja kati yao miaka kadhaa mbele anapata kosa la pili, labda sasa hasikii amri ya kufa. Mjukuu anapata la tatu. Inaweza kuchukua miaka ishirini na mwenye mwili anakula, anaenda kazi, hajui. Njiani huo ukoo unajifunza kuita mishipa ya damu ije mpaka kwake, ile kazi ya zamani unaiacha, na unakula sukari ovyo ovyo na kumwaga asidi kwa mtaa mzima. Hakuna aliyepanga. Ni kwamba aliye na tabia ya kuzaa zaidi ndiye anabaki na watoto wengi zaidi, mambo ya Darwin hayo, ila yanatendeka ndani ya titi au ndani ya utumbo wa mtu mmoja.

Hii ndiyo inaeleza mbona dawa hufanya kazi halafu inakataa. Wale wa umri wangu mnakumbuka kloroquine? Ile ukimeza usiku unajikuna mpaka asubuhi kama umelala kwa upupu. Ilikuwa inaua vimelea vya malaria sawasawa, halafu pole pole wale wachache ambao haiwawezi wakabaki peke yao uwanjani, wakazaa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 Kenya ikalazimika kuibadilisha. Kwa uvimbe ni hivyo hivyo. Unapiga dawa unaua bilioni, zinabaki elfu ambazo zilikuwa na bahati ya kosa fulani, baada ya miezi umerudi na uvimbe mwingine ambao dawa ile ni kama maji. Na mbona nywele zinatoka? Juu dawa nyingi za zamani hazijui nani ni mhalifu, zinapiga yeyote anayegawanyika haraka, na mizizi ya nywele inagawanyika haraka, ukuta wa utumbo pia, uboho pia. Kwa hiyo kipara, kutapika, na damu kupungua.

Kinga ya mwili nayo iko wapi wakati hii yote inaendelea? Iko, na inakamata nyingi tu. Lakini kwa askari wa kinga kuna kitufe cha kuwatuliza, kimewekwa makusudi wasije wakaharibu mwili wenyewe, na kansa zingine zinajifunza kukibonyeza. Askari anafika, anapewa kitu kidogo, anasema haya endelea. Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Dawa za kuzuia hicho kitufe kisibonyezwe ndizo zilimpatia James Allison na Tasuku Honjo Nobeli ya 2018, na zimeponyesha watu ambao walikuwa wameshaambiwa waende nyumbani. Bei yake ni stori nyingine na sitaki kuwaharibia siku.

Askari pia wanaweza kukosea upande wa pili. Wanapofunzwa, kwenye tezi fulani nyuma ya mfupa wa kifua, zaidi ya asilimia 90 hawafuzu, wengine juu hawajui kutambua chochote na wengine juu wanaonyesha dalili ya kupiga watu wa nyumbani, na kutofuzu hapo ni kufa. Mmoja mmoja huponyoka. Kisukari cha aina ya kwanza, kile huwapata sana watoto, ni askari wameingia kwenye kongosho wakaua zile seli zinatengeneza insulini. Na si kila ugonjwa wa seli ni usaliti, hiyo watu huchanganya. Selimundu, ambayo huku kwetu kando ya ziwa kila ukoo una mtu, ni herufi moja tu ya jeni la hemoglobini imebadilika. Ile seli nyekundu haijamsaliti mtu, inaamka kazini kila siku vizuri, ni vile imepewa mzigo wenye kasoro, ukikosa oksijeni unashikana na seli inajikunja inakuwa mundu.

Mama wa omena aliuliza pia kama inaambukiza. Kwa binadamu, seli ya kansa ya mtu kuhamia kwa mwingine ni kitu nadra sana, unaweza kumlisha mgonjwa, kumwosha, kulala naye kitanda kimoja. Lakini mbwa wana yao. Kuna uvimbe wa sehemu za siri za mbwa, wale wa mtaani wanauambukizana wakipandana, na ukipima DNA ya huo uvimbe si ya huyo mbwa. Ni ya mbwa mwingine aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mwenyewe alikufa zamani, mifupa ilishakuwa udongo, lakini seli zake zilizokataa kusimama zimekuwa zikiruka mbwa kwa mbwa dunia nzima mpaka leo. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka simu chini kidogo.

Kinachoambukiza kwetu ni virusi vinavyosaidia kansa. HPV ndio mfano mzuri, ikiingia kwa seli za mlango wa kizazi inaleta protini mbili, moja inapeleka p53 ikaharibiwe, ingine inavunja breki nyingine. Mlinzi na breki, zote kwa siku moja. Ndio maana chanjo hupewa wasichana wadogo kabla hawajakutana nayo, Kenya ilianza na wa miaka 10 mwaka 2019, na wale mnasambaza ati ni ya kufunga uzazi mnajua vile nawaona.

Sasa kuna kansa moja ni ya kwetu kabisa, uvimbe wa Burkitt. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, Mwairishi aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto amefura taya pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Akaona mwingine. Mwaka 1958 akaandika habari zake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia kwa gari aina ya Ford wakaenda maelfu ya kilomita mpaka kusini mwa Afrika, wanaingia hospitali ndogo ndogo wanaonyesha picha, mmeona mtoto kama huyu? Ramani ikajichora: joto na mvua, ndio. Ukipanda milima, hapana. Kwa lugha ya hapa kwetu, Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, hapa wako. Nakuru na baridi yake kwa mita 1,850, ni nadra. Ni ramani ya mbu wa malaria.

Mwaka huo huo wa 1961 mtafiti Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London akaomba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza wameona virusi ndani. Ndio maana vinaitwa Epstein-Barr, Achong alibaki nje ya jina na mimi huwa namtaja makusudi. Kichekesho ni kwamba hivi virusi karibu kila mtu mzima duniani anavyo, zaidi ya asilimia 90, mimi na wewe. Huku watoto wanavipata wakiwa wachanga kabisa. Vinakaa kimya ndani ya seli B, zile za kutengeneza kingamwili, na askari wanavilinda visizidi.

Halafu malaria. Mtoto anaumwa na mbu Machi, anaumwa Mei, anaumwa tena. Kila mara seli B zinaitwa kazini, zinagawanyika kwa fujo, na seli B zina mazoea ambayo seli nyingi zingine hazina, zinakata DNA yao wenyewe makusudi ili zibadilishe kingamwili. Wakati huo huo malaria inawachosha wale askari wanaolinda Epstein-Barr. Siku moja mahali kumekatwa na kuunganishwa vibaya: kipande cha kromosomu 8 (kromosomu ni zile furushi za DNA ndani ya kiini, zimepewa namba) chenye jeni linaitwa MYC, jeni la kusema "gawanyika", kinaenda kushikwa kwa kromosomu 14 karibu na jeni la kingamwili. Na kwa seli B jeni la kingamwili halizimwangi. Ni kama jirani ameunganisha waya kwa laini ya hospitali, laini ambayo stima haipoteangi hata nchi nzima ikiwa giza. MYC imewaka na imewaka. Uvimbe wa Burkitt unaweza kujiongeza mara mbili kwa siku moja au mbili tu, kuna aina chache sana za kansa ya binadamu zinakaribia huo mwendo.

Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilikuwa nafanya kazi, aliletwa kijana wa miaka kama sita kutoka upande wa miwa. Shavu la kulia limejaa, jicho linaanza kusukumwa. Mamake alikuwa ameanza na meno, na ni haki yake, meno yalikuwa yanalegea, mahali fulani wakamng'oa mawili na kumwambia ni usaha. Wiki tatu zimepotea hapo, kwa ugonjwa unaoongezeka kila siku. Sampuli ya sindano ikatufikia, nikapaka rangi, nikaweka chini ya hadubini.

Wanaita hiyo picha anga la nyota. Seli za kansa zimebanana kama usiku, za rangi ya buluu nzito, zote sawa, zote ziko katikati ya kugawanyika au zimetoka kugawanyika. Na hapa na pale kwenye hilo giza kuna seli kubwa nyeupe nyeupe, ndizo nyota. Hizo si kansa. Ni seli za kinga za kusafisha, zina vipande vipande tumboni, maana kwa huo mwendo hata seli za kansa zenyewe nyingi zinakufa kila saa, na hizi zinapita zikiokota maiti kama kawaida, kama vile mtaa haujaungua.

Dawa yake kuu ni ya zamani, saiklofosfamidi, na uvimbe wa haraka hivi hufa haraka pia, shavu linaweza kushuka ndani ya siku chache mpaka watu wanadhani ni muujiza. Hapo ndipo kuna hatari ambayo hakuna mzazi huitarajia. Seli zikifa nyingi hivyo kwa mpigo zinamwaga vilivyokuwa ndani, potasiamu, fosfeti, asidi ya yuriki, na figo za mtoto wa miaka sita zinaziba. Kwa hiyo kabla dawa haijaguswa anawekewa maji ya mshipa kwa wingi, na mkojo lazima uendelee kutoka. Nesi alimpa yule mama jagi la plastiki lenye alama na kalamu, akamwambia mama, kila akienda haja ndogo pima, andika, hata saa nane usiku, ikipungua uniite mbio. Asubuhi nilipopita wodini alikuwa amelala amekaa, kichwa kwa ukuta, jagi mapajani, na nyuma ya kadi ya kliniki amejaza mistari mpaka pembeni, 150, 200, 180, 210.